Kikapu, Piano na Swichibodi

Hotuba iliyotolewa Tononoka, Mombasa, Siku ya Fimbo Nyeupe

Asalamu aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa asiyeitikia la huku wala la kule, hujambo ndugu yangu.

Nimeambiwa ukumbi umejaa. Sikuhitaji kuambiwa. Ukumbi mtupu hukurudishia sauti yako. Huu umeimeza yangu yote. Ahsanteni kwa kutoka na jua hili.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Historia ya Elimu na Ajira ya Watu Wenye Changamoto za Kuona". Ni ndefu kama foleni ya feri Ijumaa jioni. Mnipe ruhusa nitumie neno alilotumia bibi yangu: kipofu. Najua vijana wa chama chetu wanapendelea "asiyeona", na sababu zao nazikubali, kwa hivyo nitayachanganya. Mimi niite upendavyo, bora jina langu liwe kwenye orodha ya mshahara.

Nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na surua ilinikuta nina miaka minne. Homa ilipoondoka iliondoka na macho. Jioni baada ya jioni barazani kwetu likawa linazungushwa swali moja: huyu atafanya nini? Bibi, mamake baba, hakungoja jibu la wanaume. Alinikalisha mkekani, akanitia miyaa mikononi, akanifundisha kusuka ukili. Yeye alikuwa na macho yake mawili mazima, lakini alikuwa akisuka huku anatazama mlangoni, anapiga soga na jirani, anamfukuza paka. Vidole vilikwenda vyenyewe. Hata kwa akili ya kitoto nikajiuliza: kama bibi hatumii macho kusuka, na kila mwanamke wa mtaa huu anasuka, mbona kwangu mimi ndiyo iitwe kazi ya kipofu?

Swali hilo limenifuata zaidi ya miaka sitini. Leo nimelileta kwenu.

Hapa pwani elimu ya kipofu haikuletwa na meli. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mtoto asiyeona alikaa jamvi moja na wenzake, akahifadhi kwa sikio, na mara nyingi akawapita. Tulikuwa na mfano wa kushika. Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu, ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri Madina. Hadithi inasema Bilali huadhini usiku, basi kuleni na mnywe mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Naye alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha. Hiyo ilikuwa kazi, jamani, ya kuamsha mji mzima, na mtu wa kumwambia "kumekucha" alikuwapo. Hakuna aliyesema kwa kuwa anahitaji kuambiwa neno moja basi kazi apewe mwingine. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kike. Mnara haukuwa wangu.

Twendeni Ulaya kidogo, maana shule nyingi za namna hii zimefuata mfano wa huko. Paris kulikuwa na nyumba ya vipofu mia tatu tangu karne ya 13, imejengwa na mfalme Louis wa 9, na wakaazi wake waliruhusiwa rasmi kuomba barabarani. Kuomba ndiko kulikokuwa kazi. Mwaka 1771, kwenye maonyesho ya sokoni mjini humo, vipofu walivishwa kofia ndefu za kejeli na miwani mikubwa, wakawekewa karatasi za muziki mbele yao, wakaambiwa wapige fidla watu wacheke. Bwana mmoja, Valentin Haüy, aliona yale akaondoka na uchungu. Miaka kama kumi na minne baadaye akawa na shule ya kwanza Ulaya ya vijana wasioona. Mwanafunzi wake wa kwanza, François Lesueur, alimtoa kwenye mlango wa kanisa alikokuwa akiomba, na ilibidi amlipe fedha za kufidia sadaka ambazo angezikosa akiwa darasani. Wazazi mnaolalamika juu ya karo, msikie hilo: shule hizi zilianza mwalimu akimlipa mwanafunzi.

Lakini anayenikaa moyoni si Haüy. Ni Edward Rushton wa Liverpool. Ninyi watu wa Kisauni mnaopita Kengeleni kila siku mnaijua ile kengele, na mnajua Frere Town ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Basi miaka mia moja kabla ya hapo, Rushton alikuwa baharia kijana kwenye meli ya watumwa. Ugonjwa wa macho ukazuka chini ya sitaha walikofungwa watu. Wenzake hawakutaka kushuka. Yeye akawa anashuka kuwapelekea chakula na maji, akaambukizwa, akapofuka kabla hajafika miaka ishirini. Alirudi kwao akawa mshairi na mpinzani mkali wa biashara ile, katika mji uliokuwa ukiishi kwa biashara hiyo hiyo. Mwaka 1791 alikuwa mmoja wa walioanzisha shule ya vipofu Liverpool, ya kwanza Uingereza. Nikiwaza mtu yule nashindwa kuendelea haraka. Macho yake aliyatoa kwa watu wetu.

Na shule ile ikafundisha nini? Vikapu. Kamba. Mikeka. Bibi yangu angejisikia nyumbani.

Simlaumu Rushton, njaa ilikuwa mlangoni. Ila hapo ndipo shauri lilipopindia. Shule zikaenea, na karibu kila moja ikawa na karakana nyuma yake, na karakana hiyo ikawa na vikapu, brashi na viti vya kusuka. Wenye macho walikaa wakauliza: mikono bila macho inaweza nini? Hawakuuliza: huyu anataka nini, na soko linalipa nini? Mashine zikaja, kikapu cha kiwandani kikauzwa rahisi kuliko cha mkono, na kipofu akabaki na ufundi asioweza kuula. Uingereza ilifika mahali vipofu wenyewe wakachoka. Aprili 1920 waliondoka kwa miguu kutoka Newport, Manchester na Leeds, wameshikana mikono, mpaka London. Bango lao lilisema haki, si sadaka. Sheria ya wasioona ikapitishwa mwaka huo huo, na moja ya mambo yake ni kuwa pensheni, ambayo wengine waliingojea mpaka miaka 70, wao waipate wakiwa na 50. Si haba. Lakini angalieni: walidai kazi na ujira, wakapewa kustaafu mapema.

Sasa niwape upande wa pili, kwa sababu siku hii isije ikawa ya kulia tu.

Louis Braille mnamjua, au angalau vidole vya baadhi yenu vinamjua. Alizaliwa Coupvray mwaka 1809, babake fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea msharasi, chuma cha kutobolea ngozi, ukamwingia jichoni, na maradhi yakahamia la pili. Shuleni Paris alikuta vitabu vya Haüy: herufi za kawaida zilizovimbishwa kwenye karatasi, kubwa, nzito, za kusomwa polepole mno, na kuziandika mwenyewe huwezi. Zilitengenezwa zimpendeze mwenye macho. Braille akachukua wazo la Charles Barbier, lililokuwa na nukta kumi na mbili na lililoandika sauti badala ya tahajia, akalipunguza kuwa nukta sita zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja, zikitoa alama 63. Alikuwa na miaka kumi na tano. Walimu wakasemaje? Kwamba ni maandishi ya kuwatenga vipofu, kwa kuwa wenye macho hawayasomi. Mkurugenzi mmoja akayapiga marufuku, wanafunzi wakawa wanaandikiana kwa siri. Yalikubaliwa rasmi shuleni hapo 1854. Braille mwenyewe alikuwa amekufa 1852.

Katika shule hiyo hiyo alikuwako Claude Montal. Yeye na mwenzake walikuwa wakiifungua piano kuipapasa ndani, fundi wa shule akashtaki kwamba vipofu wataivunja, wakakatazwa. Wakapata kukuu moja, wakalivunja na kuliunda upya mpaka wakalijua kama mnavyoijua njia ya Marikiti. Montal alipotoka akaanza kulinganisha sauti za piano za watu, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1836 alichapisha kitabu cha kazi hiyo, na baadaye akaunda piano zake mwenyewe. Baada yake kulinganisha piano kukawa kazi inayoheshimika ya wasioona Ulaya nzima. Wale wale waliomkataza wakaifanya somo.

Na Japani, karibu miaka mia kabla ya Haüy, Sugiyama Waichi, kipofu aliyekuwa tabibu wa sindano, alianzisha shule za kuwafunza wasioona utabibu huo na kukanda. Inasemwa alikuwa mzito wa kujifunza, mwalimu wake akamfukuza; akabuni kijibomba cha kuongozea sindano iingie bila kutetemeka, na kijibomba hicho kinatumika mpaka leo. Kukanda kukawa mkate wa vipofu kule kwa karne nyingi. Hapa Nyali na Diani wageni wanakandwa kila siku ya Mungu. Wenye hoteli, kama mmo humu, tutazungumza baadaye.

Hata fimbo hii tunayoiadhimisha: aliyepaka ya kwake rangi nyeupe ni James Biggs wa Bristol, mpiga picha aliyepofuka, mwaka 1921, apate kuonekana na magari. Hakusubiri kamati.

Mmeona mstari ninaoufuata. Kazi tulizochaguliwa zilikufa na zama zake. Zile zilizodumu, mara nyingi kipofu mwenyewe aliziingia kwa dirisha, akikatazwa. Si kila mara, nakiri. Kuna moja tuliyochaguliwa ambayo mimi niliipenda sana, na ndiyo nataka kuwasimulia.

Kenya shule ya kwanza ya vipofu ilifunguliwa Thika 1946 na Jeshi la Wokovu. Baba aliisikia kwa mtu wa reli. Fikirini Kibokoni ya siku hizo: mtoto wa Kiislamu, wa kike, kipofu, apande treni ya usiku kwenda kulelewa na watu wa tarumbeta na bendera! Babu alikataa kata kata. Mama alilia. Baba akasema maneno ambayo nayakumbuka kama jana: "Kurani ameihifadhi juzuu tatu, haitamtoka kwa kula ugali." Haikunitoka. Nilijifunza breli, yale maandishi ya nukta ya Louis Braille, kwa kibao na sindano, ukiandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza karatasi unasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wenzangu wa bara ilikuwa ikiwachanganya. Mimi niliyetoka chuoni niliona kawaida tu.

Wakati huo mambo yalikuwa yakipangika nchini. Jumuiya ya vipofu iliundwa kwa sheria 1956. Mwaka 1959 ukaja muungano wa vipofu wenyewe. Kiswahili chetu hakitofautishi vizuri: "chama cha vipofu" chaweza kuwa cha wanaowasaidia, chaweza kuwa chao. Kwenye mikutano utaitambua tofauti mara moja. Sikiliza nani anashika kipaza sauti na nani anapewa soda.

Nilipomaliza shule walikuwa na majibu matatu kwa mtu kama mimi: ualimu, ufundi wa mkono, au simu. Nikaenda simu. Nikafunzwa uopereta, nikarudi Mombasa, nikaajiriwa na kampuni moja upande wa Kilindini, ambayo sitaitaja. Swichibodi ile ya zamani, mtambo wa kuunganishia simu, ilikuwa na kidude kidogo kwa kila laini. Simu ikiingia kinachomoza, kidole kinakiona kabla jicho la mtu halijageuka. Waya mkono wa kulia, daftari la breli kushoto, ingawa daftari lenyewe baada ya miezi mitatu sikulifungua tena. Laini zote nilikuwa nazo kichwani. Meneja akitoka nilijua kwa viatu. Wakala wa meli akipiga kutoka Dar es Salaam, kabla hajasema "halo" ya pili nilikuwa nimeshamwunganisha, kwa sababu pumzi zake nilizijua. Kuna siku mtu alipiga akajifanya mkurugenzi, ataka mhasibu amtumie fedha. Nikamwambia, "Bwana, mkurugenzi ana pua ya mafua tangu Jumatatu, yako i wazi." Akakata.

Hiyo ndiyo kazi. Mshahara mwisho wa mwezi, bima, likizo. Nilimjengea mama chumba Majengo. Katika ofisi ile hakuna aliyeniita kipofu wala asiyeona. Waliniita Opereta.

Miaka ya tisini ikaja mitambo inayojipokea yenyewe. Bonyeza moja, bonyeza mbili. Sauti ya binti aliyerekodiwa, sauti nzuri kabisa, asiyejua hata mkuu wa ofisi anaitwa nani. Nikaitwa ghorofa ya tatu, nikapewa barua. Nikamwomba karani anisomee, akaanza kusoma akasita, nikajua. Sikuchukia mashine. Nilichochukia ni kuwa waendesha kreni walipoletewa mashine mpya walipelekwa kujifunza, na makarani wa taipureta walipelekwa kujifunza kompyuta. Mimi sikuulizwa kama naweza kujifunza chochote. Kazi ya kipofu ilikuwa simu. Simu imekwisha, na kipofu amekwisha.

Nilikaa ndani wiki sita. Kisha nikaanza kukaanga mahamri na bajia barazani. Watu walikuja kwanza kwa huruma, wakarudi kwa mahamri. Waliniuliza wewe unajuaje mafuta yamepata moto? Mafuta yana sauti, mwanangu. Yakiwa bado yananung'unika, yakiwa tayari yanapiga makofi. Noti nilizikunja kila moja kwa namna yake, ya mia kwa urefu, ya mia mbili kwa upana, na nilidhulumiwa mara chache kuliko mnavyodhani. Noti hizi za tangu 2019 zina mistari ya kupapasa pembeni, vijana mnastarehe. Kwa biashara ile nilisomesha watoto wawili, na hakuna mtaalamu yeyote katika miaka yangu yote ya shule aliyewahi kuniambia naweza kusimama mbele ya karai la mafuta. Ningewauliza, wangenifungia jiko.

Siku hizi simu yangu inasema. Kompyuta pia, kuna programu ya bure ya kusoma skrini, NVDA, aliyoianzisha mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, kwa sababu zilizokuwapo bei yake ilikuwa ya matajiri. Inasoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi jana asubuhi. Kwa kitu hicho kipofu aweza kuwa mhasibu, mwanasheria, mwandishi wa habari. Wapo. Na sheria ipo: ile ya 2003, kabla ya kubadilishwa na mpya ya 2025, ilitaja asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu, Katiba ya 2010 ikaweka asilimia hiyo hiyo kwa vyombo vya umma, na breli imetajwa humo kwa jina. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa ana nafuu ya kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Nafuu nzuri sana, kwa mwenye mshahara.

Lakini nikikaa na mabinti na vijana wanaotoka shule, wakiwamo wale wa Likoni ng'ambo, nasikia lile swali la baraza ya Kibokoni limevaa suti. Mwajiri anaijaza asilimia yake kwa mtu anayechechemea kidogo, na kipofu anaambiwa "tutakupigia". Akipewa nafasi, anawekwa mapokezi. Mtu ana shahada ya uchumi! Hawamwulizi anatumia nini kusoma hati, anafanyaje jedwali, ataletwa kazini na nani. Wanajiuliza wenyewe, wanajijibu wenyewe, na jibu linakuwa hapana.

Niwasimulie la mwezi uliopita, kisha nikae. Binti mmoja wa hapa Mombasa, hana macho, amemaliza chuo kikuu, aliletewa tangazo la kazi kwa WhatsApp. Ofisi kubwa, nayo sitaitaja. Akaifungua, simu ikamwambia: "picha". Akagusa tena: "picha". Tangazo lilikuwa limepigwa picha likatumwa hivyo, na sauti ya simu haikupata neno la kushika. Nyumbani alikuwapo mamake, muuza samaki Kongowea, aliyesoma mpaka darasa la nne, Kiingereza hakijui. Mama akavaa miwani akaanza kumsomea herufi moja moja. A. P. P. L. Binti anaunganisha, mama anaendelea. Walianza baada ya isha. Karibu saa sita usiku wakafika mstari wa mwisho kabisa, mama akautaja herufi kwa herufi, binti akacheka mpaka mama akadhani amekosea kusoma. Mstari ule ulisema watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi.

Ametuma. Barua ameiandika mwenyewe kwa kompyuta, mimi nimeisikiliza, haina kosa. Kama wakubwa wa ofisi ile wamo humu ukumbini, bahasha iko mezani kwenu tangu Jumanne.